Nani atamshikia kikombe cha uji?

Saa nne kasorobo asubuhi ndiyo saa nzuri ya kwenda kuiona chekechea. Ukifika saa moja na nusu utamkuta mwalimu mkuu getini akipokea watoto, wote wamepakwa mafuta wananukia, na wimbo wa asubuhi unaimbwa kwa nguvu. Ukifika saa nane mchana utakuta mabegi yamepangwa na watoto wanasubiri wazazi wao. Saa nne kasorobo uji unagawiwa, na baada ya uji ni zamu ya choo. Katika nusu saa hiyo mzazi mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, usonji, kifafa, mgongo wazi au ulemavu mwingine wowote ataona mambo ambayo ofisini hakuna atakayemweleza.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka, Oktoba inapoingia, Dar es Salaam hujaa wazazi wanaozunguka kutafuta nafasi za Januari. Kuanzia Mbezi hadi Mbagala mabango yamefungwa kwenye nguzo za umeme: tunapokea watoto wa miaka miwili hadi mitano, usafiri upo, chakula kipo. Wazazi wanauliza ada inalipwa kwa awamu ngapi, Kiingereza kinaanza lini, basi linapita mtaa gani. Kwa mtoto anayetembea, anayesema na anayejua kuomba kwenda haja, pengine maswali hayo yanatosha. Mtoto asiyeweza kusema hatarudi nyumbani jioni kusimulia kwamba leo hakula, au kwamba alikaa na pampasi moja kutwa nzima. Mzazi wake analazimika kujua mapema, na kwa macho yake.

Chekechea nyingi za mijini zina mwenye kituo, zina walimu, halafu kuna dada. Dada ndiye anayepika uji, anayeosha watoto, anayebadilisha pampasi, anayelaza waliochoka, na mara nyingi ndiye anayepanda basi asubuhi na jioni. Mzazi akija kuulizia nafasi anakaribishwa ofisini, anapewa kiti na fomu, na dada anapita mlangoni na ndoo ya maji bila mtu kumtambulisha. Jina lake halimo kwenye fomu. Lakini mtoto mwenye ulemavu atakuwa mikononi mwa dada huyo kwa saa nyingi kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote pale kituoni. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: anayechagua chekechea ya mtoto huyu amchague dada kwanza, na majengo yafuate.

Nitaeleza nilichokiona kwenye kituo kimoja upande wa Tabata, ambacho sitakitaja. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo, mwili umekakamaa, shingo bado haijawa na nguvu. Dada wa kwanza alimpakata, akamlaza kichwa kikaangalia dari, akawa anammiminia uji mwepesi kwa kikombe. Mtoto alikohoa, machozi yakamtoka, uji ukarudi puani. Dada alimfuta kwa upole na kuendelea vilevile. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na watoto wengine mezani wanaomngoja, na hivyo ndivyo alivyoona watoto wachanga wakilishwa kwao.

Siku nyingine, kituo hichohicho, mtoto yuleyule alilishwa na dada mwingine. Huyu alimkalisha kwenye kiti cha plastiki kilichosukumwa hadi ukutani, akakunja kanga mbili na kuzichomeka kushoto na kulia kwake ili asiinamie upande, akaweka boksi chini ya miguu ili nyayo zikanyage kitu. Uji aliuomba mzito. Alikaa mbele yake, macho kwa macho, akaleta kijiko kidogo kutokea chini ili mtoto ainamishe kidevu badala ya kukiinua. Alisubiri ameze ndipo akaleta kijiko kingine. Ilichukua dakika ishirini na zaidi. Hakukohoa. Nilipomuuliza amejifunza wapi, alisema mama wa mtoto alimchukua siku moja wakaenda wote hospitali, kwenye mazoezi, na mtaalamu akamwonyesha.

Tofauti ya vikao hivyo viwili ni kubwa. Mtoto mwenye shida ya kumeza akilishwa kichwa kikiwa nyuma, chakula chepesi huweza kupita njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na kikirudia siku baada ya siku kinamletea homa ya mapafu. Familia itahangaika na dawa za kikohozi, itapiga nebulaiza, itamtoa mtoto kituoni na kumrudisha, na huenda asiwepo hata mmoja atakayefikiria kikombe cha uji cha saa nne. Ndiyo maana namsihi mzazi asiridhike kuambiwa kwamba watoto hula vizuri. Aombe kukaa, atazame mtoto mwingine yeyote anayehitaji kulishwa akilishwa. Kama hakuna, amlete wake, amwachie dada kijiko na kusogea kando kidogo.

Baada ya uji ni choo, na hapa wazazi wengi huona haya kuuliza. Waulize. Nani anampeleka mtoto? Mtu mmoja au wawili? Mlango unafungwa kwa ndani? Choo ni cha kuchuchumaa au kuna poti, na kama ni cha kuchuchumaa kuna kitu cha kushika? Pampasi zinabadilishwa wapi, na mbele ya nani? Mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hawezi kutoa mkojo mwenyewe, na mama yake amefundishwa kliniki kumtolea kwa mrija safi kila baada ya saa chache. Akianza shule, mtu lazima afanye kazi hiyo katikati ya asubuhi, kwa mikono iliyonawa, mahali penye faragha. Nimesikia akina mama wanaoishi jirani na kituo wakija kuifanya wenyewe saa tano na kurudi. Kituo kinachomruhusu mama aingie na kutoka bila kumtazama vibaya ni kituo cha kushukuru.

Swali la choo ni swali la usalama vilevile. Mtoto asiyesema, au anayesema maneno ambayo wa nyumbani tu ndio wanaoyaelewa, ni rahisi kudhuriwa, na mwenye nia mbaya anajua hilo. Hatuwezi kulipamba jambo hili. Mzazi ana haki ya kuuliza kila mtu mzima anayeingia kituoni ni nani, akiwamo mlinzi na dereva, na kama mtoto huachwa na mtu mmoja peke yake. Mkuu wa kituo atakayekasirika kwa swali hilo amekwisha kujibu.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe, maana wengine hawafiki hata kwenye uji. Hapa Tanzania vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa chini ya Ustawi wa Jamii, wakati darasa la awali, ule mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, liko chini ya elimu. Mzazi anajikuta kati ya ofisi mbili. Mtoto wa miaka mitatu akikataliwa, wa kumwendea ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Akikataliwa darasa la awali, ni Afisa Elimu, na katika halmashauri nyingi yupo anayeshughulikia elimu maalum. Watu wengi hawaijui njia hiyo, wanarudi nyumbani na kufunga mlango.

Sheria iko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum, na apewe msaada unaoendana na hali yake. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo mwenye kituo anayesema "mleteni akishaanza kutembea" hana sheria ya kumlinda. Mzazi analijua hilo, au anapaswa kulijua, na halmashauri inapaswa kulisema kwa sauti kila inapokagua vituo.

Ila nina jambo la kuongeza kutokana na niliyoyaona. Sheria inaweza kufungua geti, lakini haiwezi kumfanya mtu amsubiri mtoto ameze. Kituo kinachosema "sisi tunapokea wote, mama, wala usiwe na wasiwasi," na kutaja ada palepale bila kuuliza mtoto anakulaje, anatumia dawa gani, akikasirika anatulizwaje, hicho kinanitia hofu kuliko kile kinachosema "hatujawahi kuwa na mtoto wa hivi, tuelekeze." Mwalimu anayeuliza maswali mengi ameshaanza kumfikiria mtoto. Mwingine atashuka chini, atamsalimia mtoto mwenyewe kabla ya kumgeukia mama, na kumwita kwa jina lake. Nimemwona mwalimu akimwambia mzazi, "Mama, niachie wiki moja niongee na wenzangu, nisije nikakupa jibu la haraka." Mama alidhani amekataliwa. Wiki ilipokwisha alipigiwa simu, akakuta dada amepangwa na kiti kimetafutwa.

Mahitaji ya watoto hayafanani, na hapa ndipo neno jumuishi linapotumika ovyo. Kumweka mtoto chumba kimoja na wenzake ni mwanzo tu wa ujumuishi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mtoto kiziwi. Wengi wao huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo nyumbani hakuna mtu anayejua lugha ya alama. Akipelekwa chekechea ya kawaida ambako pia hakuna anayeijua, atakaa katikati ya watoto thelathini wanaoimba, akiwaiga kupiga makofi, na siku itaisha bila mtu kuzungumza naye. Watu watasema ni mtoto mpole. Miaka hii ya kwanza ndiyo ya kupata lugha, iwe ya mdomo au ya mikono, na ikipita bila lugha ni kazi nzito kuirudisha. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu, na kwa baadhi ya watoto vimeleta mabadiliko makubwa, lakini hata hao wanahitaji miaka ya kufundishwa kusikia na kusema. Kwa mtoto kiziwi ningemshauri mzazi aanze kuulizia mahali penye viziwi wengine na walimu wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Shule kama Buguruni Viziwi zinajulikana mjini. Na mzazi mwenyewe aanze kujifunza alama jioni hiyohiyo. Sheria ya 2010 iliacha nafasi kwa mawasiliano maalum kwa sababu nzuri.

Mtoto mwenye ualbino mahitaji yake ni madogo na yanawezekana kwa siku moja, lakini husahaulika. Sare za chekechea nyingi ni kaptura au sketi fupi na shati la mikono mifupi. Yeye ashonewe mikono mirefu, avae kofia pana, acheze chini ya mti au baraza jua likiwa kali, na mafuta ya kukinga jua yapakwe tena kabla ya kutoka nje. Yapo yanayotengenezwa Moshi, yanayoitwa Kilisun. Macho yake mara nyingi hayaoni mbali. Akae mbele kabisa, na akitaka kusimama pua ikigusa picha aachwe asimame. Mwalimu akimpigia kelele arudi kitini, hatajifunza rangi wala herufi.

Kwa mtoto mwenye usonji, mzazi asikilize kabla ya kutazama. Vituo vyetu vinapenda spika. Muziki unapigwa tangu asubuhi, televisheni ya katuni inawaka ukutani, watoto arobaini wanaitikia kwa pamoja. Mtoto ambaye sauti humwumiza ataziba masikio, atajificha chini ya meza au atamng'ata mwenzake, na jioni mama ataambiwa mwanao ni mkorofi. Muulize mwalimu kama kuna kona ya utulivu ambapo mtoto anaweza kukaa bila kuonekana ameadhibiwa. Tazama geti pia. Baadhi ya watoto hawa huondoka mbio bila kuangalia nyuma, na vituo vingi viko ubavuni mwa barabara za bodaboda. Geti lenye kitasa ambacho mtoto hakifikii lina thamani kuliko bembea tano.

Kifafa kinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hofu yake ni ya zamani. Nimeshuhudia watu wazima wakikimbia kumwacha mtoto sakafuni kwa kuogopa povu la mdomo. Kifafa hakiambukizi, na povu lile ni mate. Mtoto akianguka alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, nguo ya shingoni ilegezwe, na asitiwe kitu chochote mdomoni, iwe kijiko, kitambaa au kidole. Mtu atazame saa. Degedege ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali moja kwa moja. Mzazi amuulize mwalimu na dada, kila mmoja kwa wakati wake: "Akianguka hapa mtafanya nini?" Majibu yakitofautiana, awaeleze wote wawili pamoja na arudi baada ya wiki kuuliza tena. Dawa za kifafa hunywewa kila siku kwa saa yake, kwa hiyo ijulikane nani anazitunza na nani anampa siku ambayo mhusika hayupo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa kichwa kikubwa aliyewekewa mrija wa kutoa maji, upasuaji ambao Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, huufanya mara kwa mara. Mtoto huyo akianza kutapika, kusinzia isivyo kawaida au kulia kichwa kinamuuma, huenda mrija umeziba. Kituo kisingoje saa ya kuchukuliwa; kimpigie mzazi palepale.

Kuna suala la lugha ambalo wazazi hawapendi niliguse. Shule za Kiingereza zimekuwa alama ya mzazi anayejali, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anataka mwanawe asikose kile ambacho wenzake wanapata. Namwelewa kabisa. Lakini mtoto wa miaka minne ambaye maneno yake ya Kiswahili hayajafika kumi, akiwekwa kwenye darasa la Kiingereza kitupu, mwalimu hatajua kama kinachomshinda ni kusikia, kuelewa au lugha ngeni. Mtaalamu wa matamshi akimfundisha kusema "maji" hospitalini, nyumbani wakimwambia "maji", na shuleni akatakiwa aseme neno jingine kabla ya kupewa kikombe, tunamwongezea mzigo. Kuna familia zinazotumia Kiingereza nyumbani, na kwao hesabu ni nyingine. Kwa wengi wetu, darasa la awali la Kiswahili ni msaada mkubwa kwa mtoto huyu, tena halina ada katika shule za serikali tangu utaratibu wa elimu bila ada ulipoanza Januari 2016.

Tatizo la shule za serikali linajulikana. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na darasa la mjini linaweza kuvuka hapo mara mbili, mara tatu na zaidi. Mwalimu bora aliyetoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalum, bado ana mikono miwili. Hata hivyo mzazi asiipite shule ya serikali bila kuingia. Zipo zenye vitengo vya watoto wenye ulemavu ndani ya uzio mmoja na watoto wengine, Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ikiwa mfano wa siku nyingi, na kuna mengi ya kujifunza kwa walimu wa vitengo hivyo hata kama mtoto atasoma kwingine. Wamewaona watoto wengi. Watakuambia bila kupamba kama mwanao yuko tayari kwa darasa la kawaida au aanze kitengoni kwa muda.

Habari nzuri zaidi, hata hivyo, haziko kwenye ofisi yoyote. Ziko kwenye benchi la kliniki ya mazoezi, pale CCBRT Msasani au hospitali ya rufaa ya mkoa, ambapo akina mama hukaa na watoto mapajani wakisubiri kuitwa. Hapo ndipo utasikia kituo gani wanaume wa basi wanabeba watoto kwa heshima, na kituo gani kilimtoa mtoto baada ya wazazi wengine kulalamika kwamba anatoa udenda. Mama mwenye mtoto mkubwa atamwambia mwenye mdogo: "Usiende pale mdogo wangu, wanamfungia chumbani wageni wakija." Neno hilo moja linazidi mabango yote ya barabarani. Kina baba hawakai sana kwenye benchi hilo, na ndiyo maana baba mara nyingi huchagua shule kwa jina na mama kwa habari. Baba aende kliniki hata mara chache. Atarudi na maswali tofauti.

Usafiri unaua mipango mingi mizuri. Kituo kilichosifiwa kiko Mikocheni, nyumbani ni Chanika, na basi linaanza kuzunguka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe atafungwa kwa kanga kwenye kiti na kuyumba kwa saa mbili kwenye foleni, akifika amechoka hata uji hautaki. Kituo cha kawaida kilicho dakika kumi kutoka nyumbani, chenye dada anayefundishika, mara nyingi kitamfaa kuliko kile maarufu. Kama basi halikwepeki, mzazi aombe mtoto awe wa mwisho kuchukuliwa asubuhi na wa kwanza kushushwa jioni, na apande nalo siku moja safari nzima ajionee.

Mahali pakishapatikana, mtoto asianze kwa siku nzima. Wiki ya kwanza akae kwa muda wa saa mbili tu, mzazi, bibi au shangazi akiwa karibu, na muda uongezwe kadiri anavyozoea. Naye aende na karatasi moja, iliyoandikwa kwa mkono hata, ibandikwe mahali ambapo dada anaiona. Nimewahi kuiona ya mama mmoja, nayo ilianza hivi: "Akitaka kusema ndiyo anaangalia juu. Akikataa anafumba macho. Usimwamshe kwa kumgusa miguu, anashtuka. Uji mzito, kijiko kidogo, akae wima. Anampenda mtu anayeimba." Chini zilikuwapo namba mbili za simu na jina la dawa. Dada aliniambia yeye aliisoma siku ya kwanza, na siku ya pili mtoto alimwangalia juu. Kabla ya hapo kila mtu kituoni alidhani mtoto yule haelewi chochote.

Dalili za kumtoa mtoto nazo mzazi azijue. Kupungua uzito. Kikohozi kisichoisha. Kulia kila gari linapokata kona ya shule, wiki baada ya wiki, wakati mwanzoni hakuwa hivyo. Michubuko isiyo na maelezo. Kuruka anapoguswa. Kituo kinachotaka mzazi apige simu kwanza kabla ya kuja. Ada iliyokwisha kulipwa isimzuie mtu.

Mwaka 2021 serikali ilizindua programu ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile inayoitwa PJT-MMMAM, iliyopangiwa miaka mitano kuanzia 2021/22. Imefanya neno malezi lisikike hadi kwenye vikao vya kata, na hilo ni jema. Ninachokiomba kwa watoto hawa ni kitu kinachoweza kuandikwa kwa mstari mmoja kwenye mpango wowote wa halmashauri: hakuna kituo kitakachosajiliwa au kukaguliwa upya kama angalau mlezi mmoja hajafundishwa na wataalamu wa mazoezi wa hospitali ya wilaya au mkoa namna ya kumkalisha, kumlisha na kumhudumia chooni mtoto mwenye ulemavu, na la kufanya akipata degedege. Mafunzo ya siku mbili yanatosha kuanzia.

Mwenye kituo asiyetaka kungoja halmashauri anaweza kuanza wiki ijayo. Amwite dada ofisini, ampe kiti kilekile anachopewa mzazi, amtambulishe kwa jina. Siku ya kliniki ya mtoto ampe nauli aende na mama hospitali, na siku hiyo ihesabiwe ya kazi. Akirudi, awaonyeshe wenzake alichofundishwa, kabla uji wa kesho yake haujapikwa.